Mjomba amenilea, na mikarafuu yetu ameikodi yeye: nianzie wapi?

*Assalamu alaykum Bi Mshauri,*

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete. Kazi yangu iko Unguja mjini na naishi huku na mke wangu na watoto. Nakuandikia kwa sababu nimefika pahala usingizi haunijii.

Baba yetu alifariki nikiwa na miaka tisa. Alimwacha mama, watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na shamba la mikarafuu. Mikarafuu ilikuwa 64. Nakumbuka hesabu kwa sababu tuliihesabu mimi na mjomba, kaka yake mama, siku chache baada ya hitima. Yeye alitangulia na panga akisafisha shina, mimi nikifuata nyuma na kipande cha kaa nikitia alama, asije akauhesabu mti mara mbili.

Mjomba ndiye aliyetulea. Mimi alinichukua kwake kabisa. Alinipeleka chuo cha Qur'ani na skuli, alinilipia nauli ya meli nilipokuja kusoma Unguja, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyekaa pahala pa baba. Sijapata kumkatalia neno.

Shamba analishughulikia yeye toka siku hizo. Miaka minane iliyopita tulikaa naye tukakubaliana kwa mdomo: ataikodi mikarafuu kila mwaka kwa laki sita. Wachumaji anatia yeye, anaanika, anauza Shirika la Biashara la Taifa, na kinachobaki ni chake. Laki sita anapewa mama, na mama anatugawia anavyoona. Bei haijabadilika hadi leo. Pesa huja kwa vipande, laki mbili sasa, laki moja baada ya Ramadhani. Mwaka juzi alitoa laki nne tu, akasema mikarafuu haikuzaa. Mbili zilizobaki hazijatajwa tena. Kuna miti michache imekufa na mjomba amepanda miche mingine, sijui sasa imefika mingapi.

Mwaka huu mikarafuu imejaa mpaka matawi yanainama. Mtu mmoja wa Konde, ambaye simjui sana, aliipitia akanipigia simu. Anatoa milioni moja na laki nne, zote mkononi, kabla hajapanda mtu mtini. Nikawaambia ndugu zangu. Dada yangu mkubwa ameachika na ana watoto watatu. Akasema kwa nini tunateseka na sisi tuna mali.

Nikapanda boti nikaenda. Mjomba nilimkuta uani anaanika karafuu za shamba lake, pamoja na wanawe na wanawake wanaochambua. Nikatoa simu nikamwonesha ujumbe wa yule mtu. Nikamwambia, "Mjomba, bei ya watu ni hii." Aliacha kugeuza karafuu. Akakaa kwenye ukingo wa jamvi, akachota karafuu kwa kiganja, akazimwaga palepale. Akasema bila kuniangalia: "Mimi nilipokulisha sikukuhesabia vijiko. Leo wewe unanihesabia mikarafuu?"

Hapana aliyesema neno. Niliondoka bila kula, na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Toka siku ile mama ananipigia analia, ananiambia nisimgombanishe na kaka yake uzeeni. Kwenye grupu letu la WhatsApp dada aliandika kwamba mjomba ametudhulumu miaka minane. Sijui nani aliutoa ujumbe ule nje, lakini ulimfikia mtoto wa mjomba, na mjomba akasomewa. Sasa hapokei simu yangu. Na yule mtu wa Konde anataka jawabu ndani ya wiki mbili.

Nikinyamaza, dada zangu wanaumia. Nikimpa mgeni, nitakuwa nimemkana mtu aliyenilea. Niambie, Bi Mshauri, kipi kizito zaidi, haki au undugu?

*Mwenye shamba, Unguja*

---

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia usiku. Iliyonirudisha ni ile picha ya mtoto wa miaka tisa anamfuata mjomba wake na kipande cha kaa mkononi. Nikuambie mapema kwamba sijaona mtu mbaya katika barua hii. Nimeona mzee aliyefedheheka mbele ya wanawe, na kijana aliyerudi kwenye boti na njaa.

Nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Kuna suala la shamba: mikarafuu ikodishwe kwa kiasi gani, pesa zilipwe lini, na mwaka usiozaa hasara aibebe nani. Na kuna suala la mjomba: je, bado ni baba kwako, bado anaheshimiwa, malezi yake yanakumbukwa au yameshasahauliwa? Mambo haya mawili mmeyatia kwenye pakacha moja. Wewe siku ile ulimpelekea la kwanza. Yeye akakujibu la pili. Ukaondoka na jawabu la pili ukiamini ndilo jawabu la shamba. Hebu yasome tena maneno yake ulivyoniandikia mwenyewe. Hakusema hapana. Kuhusu bei hakusema lolote, si kubwa si ndogo. Amesema ameumia, basi. Jawabu la shamba hujalipata bado, wala hujanyimwa.

Ndiyo maana sitaki kukupimia haki na undugu kipi kizito. Mizani hiyo, ukishaiweka, lazima upande mmoja ushuke, na mtu anayejiona ameshushwa hasikilizi tena hesabu.

Ruhusa niulize jambo dogo. Umesaini barua yako "Mwenye shamba". Nimeliangalia jina hilo muda mrefu. Shamba ni la baba yenu, na hujaniambia kama mirathi iligawiwa. Nadhani haikugawiwa, kama ilivyo kwa mashamba mengi ya Pemba, watu wanakula pamoja mpaka siku wanapogombana. Mimi si kadhi, lakini hesabu yenu ni nyepesi kiasi kwamba naweza kuiandika hapa, ikiwa baba hakuacha deni wala wasia, na wazee wake walikuwa wameshatangulia. Mama, kwa kuwa marehemu ana watoto, ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki ni chenu, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Katika mikarafuu 64, mama ana 8, kila dada yako ana 8, wewe una 16 na ndugu yako ana 16.

Kwa hiyo mama na dada zako watatu wana 32, nusu ya shamba. Hii inabadilisha mengi. Dada yako aliyeandika maneno makali anadai kilicho chake, hata kama alipoyaandikia hapakuwa pahala pake. Na mama, unayemtaja kama mtu anayelia kwenye simu, ni mshirika kama nyinyi. Je, kuna aliyemuuliza yeye anataka mikarafuu yake minane ikodishwe vipi? Miaka yote amekuwa mpokeaji na mgawaji wa pesa, tena kwa kuona kwake. Pengine analia kwa sababu kaka yake akimpa laki nne badala ya sita, yeye ndiye anayewatazama nyinyi usoni. Mmemweka katikati ya kamba inayovutwa, na hiyo si kazi ya mama.

Sasa twende kwa mjomba, nawe univumilie, maana nitasema maneno ambayo mwenyewe kakosa nafasi ya kuyasema. Unalinganisha laki sita zake na milioni na laki nne za mgeni. Nami nakuuliza: yule mtu wa Konde alikuwa wapi mwaka juzi? Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, unalijua hilo kuliko mimi. Mwaka mmoja unainama, miaka miwili mitatu unatoa kidogo tu. Mgeni amekuja kwa sababu ameona matawi yameinama. Mjomba amekuwepo mwaka wa kuinama na mwaka wa kutozaa, na hata mwaka ule mbaya alitoa laki nne. Katika miaka minane, miaka mizuri huenda alipata sana, na mibaya huenda alitia mfukoni mwake. Palilizi, wachumaji wanaolipwa kwa pishi, wachambuaji, jua la siku nne tano la kuanika na wasiwasi wa mvua, gari ya kupeleka kituo cha kuuzia, hayo yote ni yeye. Sisemi kwamba laki sita ni haki. Huenda si haki hata kidogo, na bei iliyokaa miaka minane bila kuguswa ina kila sababu ya kuangaliwa upya. Nasema wewe hujui, na mimi sijui, na dada yako ameandika "ametudhulumu" kabla ya kujua.

Na kujua hapa si kazi ngumu, hilo ndilo linalonitia moyo. Karafuu ya Zanzibar ina mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Bei ya kilo inatangazwa, na kila mzee wa Pemba anaijua. Kwa miaka kadhaa daraja la kwanza lilikaa kwenye shilingi 14,000. Kwa hiyo bei ya kilo haipo katika ugomvi wenu. Msichokijua ni kilo ngapi zinatoka katika shamba lile na gharama gani zinatangulia. Karafuu mbichi ikikauka inabaki kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo magunia anayoyaona mtu shambani si magunia yanayofika kituoni. Lakini karafuu inapouzwa hupimwa na kuandikiwa karatasi. Karatasi hiyo haina mjomba wala mpwa. Mkikaa mkaiangalia pamoja, mtakuwa nyote upande mmoja mnatazama kitu kimoja, na itakuwa tofauti sana na siku ile uliponyoosha simu mbele ya uso wake.

Na hapo nikae kidogo. Uani palikuwa na nani? Wanawe, umesema, na wanawake wanaochambua. Simu mkononi, na ndani yake bei ya mtu mwingine. Mwanangu, wewe uliona unamwonesha habari. Yeye pengine aliona mtoto wake amekuja kumwita mwizi mbele ya watoto wake wengine. Maneno ya vijiko ni makali, lakini sikiliza yalikotoka: mtu akiguswa heshima hukimbilia kilicho kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, na kwa mjomba kikubwa hicho ni malezi yako. Kama ungemkuta peke yake baada ya alasiri barazani, huenda mngezungumza karafuu mpaka magharibi.

Kuna kisa nakipenda sana, na huenda ulikisoma chuoni. Jabir bin Abdillah, Allah amridhie, alikuwa kijana aliyepoteza baba yake Uhud, akabaki na dada zake wa kuwalea. Safarini ngamia wake alikuwa amechoka, anabaki nyuma. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia, niuzie. Wakapatana bei hasa, na Jabir akaweka sharti kwamba atampanda mpaka wafike Madina. Walipofika, Jabir akampeleka ngamia, akalipwa pesa zake kamili. Alipogeuka aende, akaitwa: mchukue ngamia wako, na pesa ni zako pia.

Angalia jinsi mambo yalivyopangwa. Mtume alitaka kumpa kijana aliyefiwa na baba kitu, lakini hakuuchanganya upendo ndani ya bei. Biashara ilikwenda kibiashara mpaka ikamalizika, na zawadi ikaja baadaye ikiitwa zawadi. Jabir hakuwa na haja ya kujiuliza usiku kama amepunjwa au amehurumiwa.

Kwenu, mwanangu, bei na zawadi vimelala kitanda kimoja miaka minane. Inawezekana laki sita ilikuwa bei. Inawezekana ilikuwa bei iliyopunguzwa kwa heshima ya mjomba, bila mtu kusema. Mjomba anaweza kuamini yeye ndiye anayewapa zawadi kwa kutunza shamba na kulipa hata mwaka mbaya. Nyinyi mnaweza kuamini nyinyi ndio mnaompa yeye. Kila upande unahisi umetoa, na hakuna upande uliosikia ahsante. Nikitazama migogoro mingi ya jamaa ninayoletewa, hapa ndipo panapouma.

Ukitaka kumlipa mjomba malezi, na naona unataka, kuna njia zake. Kuna matibabu, kuna paa la nyumba, kuna umra kama Mungu akijaalia, kuna kumkalisha mwanao miguuni pake wakati wa likizo. Na ukitaka kumlipa kwa karafuu vilevile unaweza, una mikarafuu 16. Mwambie wazi kwamba fungu lako anakodi kwa nusu bei maisha yake yote, kwa sababu alikulisha bila kuhesabu vijiko. Ila mikarafuu minane ya dada yako mwenye watoto watatu si yako kuigawa, hata kwa nia njema. Yeye mwenyewe akisamehe, kasamehe.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, nazitazama pamoja nawe na kila moja naiona na mwiba wake.

Kunyamaza kwanza, maana najua ndiko moyo unakokuvuta. Kutaleta utulivu msimu huu. Lakini dada zako hawatanyamaza, na siku mama akiondoka, mdomo uliozuiwa utafunguka kwenye tanga lenyewe. Nimeyaona hayo, na sitaki uyaone.

Kumpa mtu wa Konde kutaleta pesa mkononi, na shida ya dada yako ni ya leo. Lakini mtu anayekodi msimu mmoja, tena asiyejulikana, hana sababu ya kuuonea mti huruma. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na tawi lililovunjwa kwa haraka ya kuchuma ni vuno la miaka ijayo. Uliza kwa watu wake, waliomkodisha kabla wanasemaje. Na ukiamua hivyo, mjomba alijue kutoka kinywani mwako kabla halijajulikana barazani.

Kubaki na mjomba kwa bei mpya ni njia nyingine, na ndani yake kuna milango kadhaa. Mnaweza kuweka bei mbili, ya mwaka wa kuzaa na ya mwaka wa kutozaa, mkakubaliana kabla ya kuchuma mwaka huu uko upande gani, kwa macho ya mjuzi mmoja anayeaminiwa na pande zote. Au mkaacha ukodishaji wa bei moja, mkagawana kwa mafungu kinachobaki baada ya gharama, kwa kufuata karatasi za kituo. Hii ya pili inaniridhisha kwa uadilifu wake lakini ina taabu: mwaka mbaya mama hapati hata laki nne, na mzee aliyezoea kuaminiwa anaweza kuona kila karatasi unayoiomba ni tuhuma. Itategemea unavyoomba. "Mjomba, nifundishe gharama za shamba, nami ni mtu mzima sasa na sijui" ni kweli tupu, na haimdhalilishi mtu.

Vyovyote iwavyo, nakusihi mwandike. Watu wetu wanaona kuandikiana na jamaa ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi, na imeanza kwa kuwaita walioamini. Makubaliano yenu ya mdomo ndiyo yaliyozaa zile laki mbili za mwaka juzi ambazo hakuna anayezitaja na hakuna aliyezisahau. Zilisamehewa? Zinadaiwa? Karatasi moja ingewapumzisha nyote.

Iko pia njia ya kugawa mirathi rasmi, kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya kadhi. Ni haki yenu na haina aibu. Lakini ikija sasa, katikati ya ukimya huu, mjomba ataisoma kuwa ni kesi dhidi yake ingawa yeye si mrithi. Na mtu mwenye miti minane peke yake atampata nani wa kuikodi kwa bei ya maana? Pengine mgawiwe kwenye karatasi na muendelee kukodisha kwa pamoja. Lizungumzeni.

Na ukiwa na mawazo ya kumtuma mzee wa familia au imamu, mchague vizuri. Wazee wetu wengi wakiletewa jambo kama hili humaliza kwa "mwombe radhi mjomba wako, yaishe". Yanaisha usoni, na laki sita inabaki palepale. Mpatanishi wako akubali kwanza kwamba anakwenda kwa mambo mawili.

Ningekuwa mimi, na hili ni wazo tu, ningepanda boti tena nisiseme karafuu hata kidogo. Ningechukua haluwa ya Wete, nikaingia baada ya alasiri, nikamwambia: "Mjomba, siku ile nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nimekuja kwa hilo tu. Kuna jambo la shamba, nalo lina siku yake, ukiniruhusu." Kuomba radhi kwa namna ulivyosema si kulifuta ulilosema. Asipokuruhusu siku hiyo, umekwenda, na chakula safari hii usikiache. Ni kweli anaweza kukunyamazia. Anaweza kurudia maneno ya vijiko. Akirudia, usijitetee kwa hesabu. Mwambie ni kweli, hukunihesabia, halafu nyamaza.

Maneno ya kwenye grupu nayo yana mwenyewe. Dada yako ndiye wa kuyatoa, kwa wakati wake, na huwezi kumwombea radhi yeye. Unachoweza ni kuwaomba ndugu zako habari ya mjomba isizungumzwe tena humo. Kaeni pamoja na mama kwanza, nyote watano, kwa simu kama hamwezi kuonana, mjue mnataka nini kabla ya kwenda kwa mtu. Nakuomba wakati huo umuulize mama kama mshirika, kisha usubiri jawabu, hata akikawia.

Wiki mbili za mtu wa Konde ni za mtu wa Konde. Mwambie ukweli, kwamba shamba lina wenyewe sita na hujapata kauli yao. Akiondoka, ameondoka na hofu yako ya haraka, na bei yake mmeshaijua.

Limebaki lile la miche. Umesema miti imekufa na mjomba amepanda mingine. Kwetu Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hiyo hili msilipite juu juu: miche ile aliipanda kwa ajili yenu au kwa ajili yake? Ni nani aliyemuuliza? Siku atakayokuruhusu kulitaja shamba, usianze na bei. Mwombe mkaihesabu tena mikarafuu, wewe na yeye, kama mlivyofanya zamani. Chukua kipande cha kaa. Kisha uniandikie, mwanangu, uniambie sasa ni mingapi.